Ndovu wa Mau na maji ya Kapkatet

Mito ya Kipsonoi, Kiptiget, Itare na Chemosit inafahamika sana kwa wakazi wa Kapkatet, Litein, Sotik na Konoin. Yote huanzia katika Msitu wa Mau, hupita katikati ya mashamba ya majani chai ya kaunti za Kericho na Bomet, kisha hukutana na kuwa Mto Sondu unaoingia katika Ziwa Victoria. Kisichofahamika vyema ni kwamba msitu unaoilisha mito hiyo hupandwa pia na mnyama ambaye wakulima wengi humjua kwa uharibifu tu. Mnyama huyo ni ndovu.

Ndovu bado wanaishi katika Mau ya Kusini Magharibi, msitu wa takribani hekta 60,000 unaopakana na mashamba ya chai na ya mahindi. Swali la namna ya kuishi nao ni swali la usalama wa mkulima na chakula chake. Vilevile ni swali la iwapo chemchemi za maji zitaendelea kububujika wakati wa kiangazi.

Funzo kutoka kwa biva

Katika nchi za kaskazini mwa dunia, mjadala kama huu umemhusu biva, mnyama mgugunaji mwenye mkia bapa anayeishi majini na nchi kavu. Biva hukata miti kwa meno, akajenga kuta za matawi na matope kuvuka vijito. Kuta hizo hupunguza kasi ya mafuriko, hunasa udongo na huyafanya maji yanywee ardhini badala ya kukimbilia baharini.

Hata hivyo, biva aliwindwa kwa ajili ya ngozi yake, ambayo manyoya yake yalitengenezewa kofia. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, biva wa Ulaya na Asia walikuwa wamebaki takribani 1,200 tu. Nchini Uingereza walikuwa wametoweka kwa karne kadhaa kabla ya kurejeshwa kwa majaribio rasmi katika msitu wa Knapdale, Scotland, mwaka 2009. Mwezi Oktoba 2022, sheria ya kuwalinda ilianza kutumika katika eneo la England.

Wakulima wa huko walilalamika, kwani mashamba yaliingiwa na maji na miti yao ikaangushwa. Suluhisho halikuwa kumuua mnyama tu wala kumwachia kila kitu. Mabomba hupitishwa ndani ya kuta za biva ili kina cha maji kisizidi kiwango, na miti yenye thamani huzungushiwa wavu wa waya. Penye madhara makubwa, mnyama huhamishwa.

Kenya haina biva. Kazi ya kuhifadhi maji katika nyanda za chai hufanywa na msitu wenyewe, vinamasi na mianzi, ambayo Wakipsigis huiita tegat. Lakini funzo la biva lina maana hapa: mnyama anayeleta hasara shambani anaweza kuwa mtumishi wa maji ya shamba hilo hilo, na faida yake haionekani mahali inapoonekana hasara yake.

Msitu unavyohifadhi maji

Msitu wa Mau, ambao kwa jumla ulikadiriwa kuwa na takribani hekta 400,000, ndio mkubwa zaidi wa asili wa milimani katika Afrika Mashariki. Maji yake huelekea maziwa ya Victoria, Nakuru, Baringo, Turkana na Natron. Upande wa Bomet, mito ya Nyangores na Amala hutoka humo na kuungana kuwa Mto Mara, ambao nyumbu wa Maasai Mara na Serengeti huutegemea.

Eneo la Kericho hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ikianguka juu ya msitu, matone yake huvunjwa nguvu na majani kabla ya kufika chini. Tabaka la majani makavu na mizizi hulainisha udongo, maji yakanywea polepole na kutokeza kwenye chemchemi wiki au miezi baadaye. Ikianguka juu ya udongo uliolimwa, sehemu kubwa hutiririka juu kwa juu na kubeba rutuba.

Tofauti hiyo imepimwa. Watafiti walilinganisha vijito vitatu katika bonde la Mto Sondu, kimoja kikipita katika msitu wa asili, kingine katika mashamba makubwa ya chai, na cha tatu katika mashamba ya wakulima wadogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba eneo la msitu lilipoteza takribani tani 21 za udongo kwa kila kilomita mraba kwa mwaka, eneo la chai tani 42, na eneo la wakulima wadogo tani 131.

Hii haimaanishi kwamba mkulima mdogo ni adui wa mto. Mimea ya chai hufunika ardhi mwaka mzima, ilhali shamba la mahindi hubaki wazi mvua zinapoanza, na njia za mifugo kuelekea mtoni hugeuka kuwa mifereji ya matope. Anayepoteza tani hizo ni mkulima huyo huyo, kwa kuwa udongo unaoondoka ndio wa juu, wenye rutuba.

Hasara huendelea mpaka bondeni. Kituo cha umeme cha Sondu Miriu, chenye uwezo wa megawati 60, hutegemea mtiririko wa mto kwa kuwa hakina bwawa kubwa la kuhifadhi maji. Kituo cha Sang'oro cha megawati 21 hutumia maji hayo hayo yakishatoka Sondu Miriu. Mto unapopungua kiangazi, umeme nao hupungua.

Mpandaji asiyelipwa

Ndovu mkubwa aweza kula zaidi ya kilo 150 za majani, magome na matunda kwa siku. Sehemu kubwa ya chakula hicho haimeng'enywi kikamilifu. Mbegu hupita tumboni zikiwa hai, zikatolewa pamoja na samadi mbali na mti zilikotoka, wakati mwingine umbali wa kilomita nyingi. Zipo mbegu kubwa ambazo ndege na tumbili hawawezi kuzimeza.

Hondohondo na popo nao husambaza mbegu. Lakini ndovu hufanya zaidi ya hapo. Hufungua njia katika vichaka vizito, njia ambazo wanyama wengine huzitumia. Huangusha miti na kuruhusu mwanga ufikie miche iliyo chini. Mahali pakavu huchimba mchanga wa mito kwa miguu na mkonga hadi maji yapatikane, na wanyama wengine hunywa baada yake.

Hata nyayo zake zina kazi. Katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, watafiti waligundua kwamba nyayo za ndovu zilizojaa maji hugeuka kuwa vidimbwi vinavyokaliwa na makumi ya aina za wadudu na viumbe wengine wadogo wa majini.

Mwezi Desemba 2022, serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Mpango huo unahitaji vitalu, miche, wafanyakazi na fedha. Ndovu hupanda bila bajeti, tena hupanda miti ya kiasili iliyozoea mahali pake, ingawa hawezi kurejesha peke yake msitu uliokwisha kufyekwa.

Sifa hizi zisitiwe chumvi. Ndovu wanaobanwa katika eneo dogo hubambua magome na kuvunja miti kuliko msitu unavyoweza kujirekebisha. Manufaa yao hutegemea nafasi ya kutembea, na nafasi hiyo ndiyo iliyopungua Mau.

Msitu ulivyopungua

Mwaka 2001, serikali ilitenga zaidi ya hekta 61,000 za Msitu wa Mau kwa ajili ya makazi na kilimo. Mau ya Kusini Magharibi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi. Mwaka 2008, Waziri Mkuu wa wakati huo, Raila Odinga, aliunda jopo la kuchunguza hali ya msitu huo. Ripoti yake, iliyotolewa mwaka 2009, ilieleza kuwa takribani robo ya msitu ilikuwa imepotea katika muda usiozidi miaka 20.

Kuhamishwa kwa walioishi msituni kulianza mwishoni mwa 2009 na kukazua uhasama mkubwa wa kisiasa. Uhamisho mwingine ulifuata katika Maasai Mau mwaka 2018 na 2019. Familia nyingi zilijikuta kando ya barabara, baadhi zikiwa na hatimiliki mkononi. Kwa Wakipsigis, ambao wazee wao walipokonywa ardhi enzi za ukoloni kupisha mashamba makubwa ya chai, jambo hili lilitonesha kidonda cha zamani.

Nao Waogiek, wenyeji wa msitu na mabingwa wa kurina asali, walishinda kesi dhidi ya serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha tarehe 26 Mei 2017. Mahakama hiyo ilisema kwamba kuhifadhi mazingira hakukuwa sababu tosha ya kuwafukuza katika ardhi yao. Mwezi Juni 2022 iliamuru walipwe fidia.

Kwa sababu hiyo, mazungumzo yoyote kuhusu ndovu na maji katika eneo hili huanza kwa shaka. Mkulima aliyesikia neno uhifadhi likitangulia tingatinga hawezi kulaumiwa akiuliza iwapo ndovu anathaminiwa kuliko yeye.

Gharama kwa jirani wa msitu

Gharama ya kuishi na ndovu si ndogo. Kundi likiingia shambani usiku mmoja, mahindi, ndizi na viazi vya msimu mzima huweza kumalizika. Watoto huchelewa kwenda shule wakisubiri njia iwe salama, na wazazi hukesha wakilinda. Wapo Wakenya wanaouawa na ndovu kila mwaka.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa, Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Mazao na mifugo pia hulipiwa kwa kadiri ya thamani yake. Madai hupitia kamati ya wanyamapori ya kaunti, na sheria humtaka mwenye mali awe amechukua hatua za kadiri kuilinda.

Tatizo limekuwa utekelezaji. Madai mengi nchini yamekaa kwa miaka bila kulipwa. Mtu anayesubiri malipo ya shamba lililoliwa miaka kadhaa iliyopita hana sababu ya kupiga ripoti anapoona mtego wa waya msituni. Hivyo fidia inayochelewa humuumiza mkulima na ndovu kwa pamoja.

Kenya ilikuwa na ndovu wanaokadiriwa kuwa 170,000 katika miaka ya 1970. Ujangili uliwapunguza hadi takribani 16,000 mwaka 1989. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2021 ilipata 36,280. Idadi ya ndovu imeongezeka huku idadi ya watu na mashamba ikiongezeka zaidi, na ndiyo sababu migongano haijaisha.

Mbinu zinazosaidia

Mbinu ya kwanza iko tayari mbele ya macho ya wakazi wa Kapkatet, nayo ni chai. Ndovu hali majani chai. Mwaka 1986 serikali iliunda shirika la Nyayo Tea Zones kupanda mkanda wa chai pembezoni mwa misitu, ili uwe mpaka kati ya msitu na mashamba. Mkanda huo hauwezi kumzuia ndovu kupita, lakini humwondolea kishawishi cha kusogea. Mahindi yanayopandwa hadi kwenye ukingo wa msitu ni kama mwaliko wa karamu.

Mbinu ya pili ni uzio wa umeme. Shirika la Rhino Ark, likishirikiana na serikali na jamii, lilijenga uzio wa takribani kilomita 400 kuzunguka milima ya Aberdare kati ya 1989 na 2009. Uzio hufanya kazi vyema pale unapokaguliwa na kufyekewa nyasi kila mara. Mti mmoja ukiangukia nyaya bila kuondolewa, kazi yote huharibika. Aidha, uzio unaofunga msitu wote bila kuacha mapito huwageuza ndovu kuwa wafungwa, na madhara ya kubanwa hufuata.

Mbinu ya tatu ni nyuki. Utafiti ulioongozwa na Dkt Lucy King wa shirika la Save the Elephants ulionyesha kuwa ndovu hukimbia wanaposikia sauti ya nyuki waliochokozwa. Huko Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, wakulima huzungushia mashamba mizinga inayoning'inia kila baada ya mita 10, ikiunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa kati ya ndovu karibu 4,000 waliokaribia mashamba hayo, hadi asilimia 86 walizuiwa katika misimu ya mazao.

Mizinga hiyo ina mipaka yake. Nyuki hawachangamki sana gizani wala kwenye baridi, na nyanda za Mau zina baridi kuliko Tsavo. Ukame nao huwafanya wahame. Hata hivyo, asali huuzwa hata mwaka ambao ndovu hawakuja, jambo ambalo uzio wa nyaya hauwezi kulifanya.

Ufugaji wa nyuki si mgeni katika jamii za Wakalenjin. Miongoni mwa Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, ukoo wa Kipkenda una nyuki kuwa alama yake, na ukoo wa Kipkoiitim una ndovu. Wazee waliowapa viumbe hawa nafasi katika koo zao walijua kwamba kuna wanyama ambao mtu hawezi kuwatendea apendavyo.

Zaidi ya hayo, wakulima sehemu mbalimbali huchoma matofali ya samadi iliyochanganywa na pilipili, kwa kuwa ndovu huchukia moshi wake. Wengine hulinda kwa zamu wakitumia tochi zenye mwanga mkali. Mbinu moja ikitumiwa peke yake, ndovu huizoea. Zikichanganywa, hudumu zaidi.

Kazi ya upande wa shamba

Hata ndovu wakilindwa, mito haitapona iwapo kingo zake zitaendelea kulimwa. Kanuni za maji nchini zinataka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa, kutegemea upana wa mto. Katika mashamba madogo ya Bureti, mita hizo huonekana kama kupoteza ardhi, lakini nyasi za mifugo na mianzi zaweza kukua hapo na kumpa mwenye shamba lishe na nguzo.

Mikaratusi imekuwa tatizo la pekee. Viwanda vya majani chai hukausha majani kwa kuni, na mikaratusi hukua upesi, kwa hiyo wakulima waliipanda hata kwenye chemchemi. Mti huo hunywa maji mengi. Mwaka 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji iondolewe. Nafasi yake ni juu ya mlima, mbali na bonde.

Sheria za misitu za 2005 na 2016 zimewapa wakazi nafasi ya kuunda vyama vya jamii vya misitu, na sheria ya maji inatambua vyama vya watumiaji maji. Vyama hivi ndivyo vyenye uwezo wa kuamua mifugo ichunge wapi, chemchemi ipi izungushiwe ua na nani akague uzio. Tatizo moja ni kwamba mara nyingi anayeumizwa na ndovu yuko juu, ukingoni mwa msitu, ilhali anayefaidi maji yuko chini, karibu na kiwanda, mji au mtambo wa umeme.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Familia ya ukingoni mwa msitu hulipa kwa mahindi yake ili kijiji cha Kapkatet kipate maji na Sondu Miriu itoe umeme. Wanaofaidi hawajawahi kuletewa ankara ya gharama hiyo. Viwanda, kampuni za maji, kaunti na kampuni za umeme zikichangia matunzo ya uzio, mizinga na malipo ya haraka ya fidia, zitakuwa zinalipia maji zinayotumia, wala si kutoa sadaka.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Msimu mmoja wa mahindi katika kipande kilichofyekwa ni msala upitao. Msitu ulio na ndovu, nyuki na chemchemi ni mbacha uliochakaa, lakini ndio ambao Kipsonoi, Kiptiget, Itare na Chemosit bado zimeukalia.